Vitabu Vilivyofungwa Kamba

Dada yangu Sakie alivitupa vitabu vyangu Jumatano asubuhi, mimi nikiwa nimekwenda kung'olewa jino. Sisemi alivipunguza, wala sisemi alikuwa anapanga chumba upya, kama alivyojieleza baadaye mbele ya Mama. Alivifunga kamba mafungu mafungu, akavibeba hadi kona ya mtaa tunakoweka karatasi chakavu, akaviacha hapo ili lori la manispaa livichukue vikasagwe. Watu nikiwasimulia habari hii hunitaka nianze na mema ya dada yangu. Mema yake nitayasema, maana anayo. Lakini mahali pake si hapa mwanzoni.

Baba yetu alianzisha kituo cha tuisheni kwenye ghorofa ya chini ya nyumba yetu, hapa Tajimi, mji wa wafinyanzi wa Japani, kabla sisi hatujazaliwa. Mchana watoto walikuwa shuleni, jioni walikuja kwetu kukamuliwa kwa ajili ya mtihani wa kuingia sekondari ya juu. Baba alifundisha Kiingereza kwa rula. Sentensi moja iliandikwa ubaoni, ikakatwa vipande kama samaki, kila kipande kikapewa jina, kisha ikageuzwa kuwa Kijapani kuanzia mkiani kwenda kichwani. Alipofariki, Sakie alikuwa chuoni Nagoya. Akaacha chuo, akarudi nyumbani, akaishika ile rula. Ada yangu ya chuo kikuu ilitoka kwenye mkono huo. Haya, mema yake nimeyasema.

Mimi nilikisomea Kiingereza mpaka nikapata shahada, na bado nilikuwa siwezi kusoma ukurasa mmoja bila kamusi. Vipande vyote vya sentensi nilivijua kwa majina. Sentensi zenyewe hazikuniambia kitu. Nilikuwa kama mtu anayejua kila mfupa wa kuku na hajawahi kumla kuku mwenyewe. Nikarudi Tajimi kumsaidia dada, nami nikawa nawafundisha watoto wa watu hivyo hivyo, hadi mwenzangu mmoja wa chuoni aliponipeleka Nagoya kwenye kikundi cha wasomaji. Walikuwa watu wazima waliokutana Jumapili kwenye chumba kimoja cha maktaba. Mama mmoja mwenye mvi akanipa kitabu chembamba kama kipeperushi, kila ukurasa una picha na chini yake mstari mmoja. Nikacheka. Nikamwambia kwa adabu kwamba mimi ni mwalimu wa Kiingereza.

"Ndiyo maana nimekupa hicho," akasema.

Masharti yao yalikuwa machache. Uanze na kile chepesi kabisa. Kamusi usiiguse. Usichokielewa ukiruke. Kitabu kikikuchosha ukiache, uchukue kingine. Na usome kwa wingi, kwa wingi mno, kama mtu anayekunywa maji. Vitabu vyenyewe vimeandikwa kwa ajili ya wanaojifunza, kwa ngazi, na kila ngazi ina maneno yake. Ukiizoea moja unapanda nyingine bila kujua umepanda lini. Mwanzoni niliona aibu, nikawa nafunika jalada kwa gazeti nikiwa kwenye treni. Halafu jioni moja, narudi kutoka Nagoya, nilikuwa ndani ya hadithi ya mauaji ya kijiji kimoja cha Welisi, nani kamuua mwenye kilabu cha pombe, na nilipoinua kichwa treni ilikuwa imeshaipita Tajimi, imefika Mizunami. Nilishuka nikasimama pale stesheni nikicheka peke yangu. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimesoma Kiingereza, badala ya kukichambua.

Nilimwambia dada nataka watoto wetu waonje hicho. Aliniruhusu kutumia chumba cha nyuma, chenye mikeka, Jumamosi tu, na akanionya nisiguse muda wa darasa la mtihani. Vitabu nilinunua mwenyewe, kidogo kidogo, kwa mshahara wangu. Nilivibandika alama mgongoni, rangi ya waridi kwa vile vya chini kabisa, njano kwa vinavyofuata, na kuendelea juu hadi bluu.

Kati ya waliokuja alikuwepo binti mmoja, Ibuki, mwaka wa mwisho wa sekondari ya chini. Mama yake ana duka la maua karibu na stesheni. Darasani Ibuki hakuwahi kujibu swali. Akiona maandishi ya Kiingereza alikuwa anafikicha macho kama aliyeingiwa na moshi. Siku ya kwanza nilipompa kitabu cha waridi alinitazama kwa hasira.

"Mwalimu, hiki si cha chekechea?"

"Basi kimalize haraka upate kingine."

Akakimaliza. Akachukua kingine, na kingine. Wiki ya tatu au ya nne nilimkuta amelala kifudifudi kwenye mkeka, miguu ameiegemeza ukutani, anasoma. Hakunisikia nikiingia. Alikuwa amefika vya njano, na kile alichokuwa nacho kilihusu mwizi anayeiba viatu vya kushoto tu, mji mzima, na fundi viatu mzee anayemvizia. Ibuki akacheka kwa sauti. Mtoto ambaye baba yake mwenyewe aliwahi kuniambia hajui meno yake yanafananaje, alicheka akisoma Kiingereza, tena hakuna aliyemtafsiria.

Lakini alama zake shuleni hazikupanda. Hilo nalisema wazi. Kusoma kwa namna hii ni kama maji yanayozama ardhini. Kwa muda mrefu juu pakavu. Mama yake, Bi Tachikawa, akaja ofisini akiwa bado amevaa aproni yake ya dukani.

"Mwalimu Naho, samahani. Mimi nalipa ada mwanangu aje alale chini?"

Nilimweleza. Alinisikiliza kwa heshima zote, akaenda chumba cha pili kumweleza dada yangu yale yale aliyoniambia mimi, safari hii bila samahani.

Ndipo vita vilipoanza. Sakie alitaka kila kitabu kiwe na maswali kumi, mtoto ajibu, apewe alama, na alama zibandikwe ukutani ili wazazi wazione. Nilikataa. Nilimwambia ukimpa mtu swali mwisho wa kila kitabu, anasoma swali, hasomi kitabu. Jumamosi iliyofuata nilikuwa kitandani na mafua, yeye akashika chumba changu, na niliporudi nilikuta chati ukutani ina majina na nyota. Watoto walikuwa wanagombania vitabu vyembamba kuliko vyote ili wavune nyota, na majibu wanaambizana mlangoni. Mmoja alikuwa juu ya orodha na hakuwa amefungua hata kitabu kimoja. Ibuki alikuwa wa mwisho, kwa sababu alikuwa anasoma kweli. Alikuwa amekificha kitabu chake ndani ya daftari la hesabu, kama kitu cha aibu.

Niliichana ile chati mbele ya watoto. Niliichana vipande vidogo vidogo, na nilifurahi kuichana. Dada yangu akikasirika hunyamaza, na ukimya wake unaweza kukaa nyumbani kama mgeni asiyeaga.

Mwezi wa saba akatia saini na kampuni moja kubwa ya tuisheni ya Tokyo. Sasa kituo chetu kingekuwa tawi lao. Kila mtoto angekaa kwenye kibanda chake chenye kuta za mbao, mbele ya kishikwambi, na mwalimu kutoka Tokyo angemsemesha kwenye kioo. Chumba cha nyuma kingehitajika kwa vibanda. Kuhusu vitabu, aliniambia neno moja tu, kwamba tutavitafutia mahali. Nikamwamini, maana ni dada yangu.

Basi siku hiyo ya Jumatano natoka kwa daktari wa meno, nusu ya mdomo wangu imekufa ganzi, jua la mwezi wa nane linachoma kama limewashwa na wafinyanzi, na kwenye kona ya mtaa namwona Mzee Yasui. Huyu ni mstaafu wa benki anayekaa mkabala nasi, na kwa hiari yake mwenyewe ndiye msimamizi wa takataka za mtaa wetu. Alikuwa na glovu zake nyeupe, na alinipungia niende, akaniita kwa jina la ukoo wetu.

"Orihara mdogo, njoo uone. Nyumba yenu imetuaibisha leo."

Chini ya wavu wa kuzuia kunguru palikuwa na mafungu mawili ya vitabu, kamba imekazwa vizuri, fundo la dada yangu ninalolijua tangu utotoni. Kila fungu lilibandikwa karatasi nyekundu ya manispaa, ile ya kukataa takataka. Sikuelewa. Niliyaona majalada niliyoyachagua mwenyewe na sikuelewa yanafanya nini pale barabarani.

"Vina sidii humu nyuma ya jalada," Mzee Yasui akasema. "Karatasi ni karatasi, plastiki ni plastiki. Dada yako si mwalimu? Hajui kusoma tangazo?"

Nikamuuliza mengine yako wapi. Mdomo haukutii, ikabidi nirudie.

"Mengine lori limebeba. Yale yalikuwa safi, hayana tatizo."

Nilipiga magoti pale pale nikafungua kamba. Vitabu vyenye sidii ni vile vya juu, vya kijani na bluu, vinene. Vile vyembamba havikuwahi kuwa nazo. Vyote vya waridi vilikuwa vimekwenda, na vya njano vyote. Nilikuwa nimebakiwa na ngazi iliyokatwa vidato vya chini, na anayeweza kuipanda ngazi ya namna hiyo ni yule ambaye tayari yuko juu. Mzee Yasui alinisaidia kuvifunga tena. Aliona kuna jambo, akaacha kunisimanga, akaniuliza kama jino linauma sana.

Niliingia jikoni na viatu miguuni. Katika nyumba yetu hilo halijawahi kutokea. Sakie alikuwa anakatakata matango ya kuweka kwenye tambi baridi, na Mama ameketi mezani anajipepea.

"Viko wapi vitabu vyangu?"

Maneno yalitoka yameviringana, mate yakanitoka kidevuni. Dada akageuka, akaona uso wangu.

"Keti kwanza, Naho. Unatoka damu."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo maana ya kumuuliza mtu, Dada."

Akarudi kwenye matango yake. Alisema mafundi wa vibanda wanakuja kesho, alisema amenipa wiki tatu za kuvitafutia mahali, alisema Bi Tachikawa si mzazi pekee aliyelalamika. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma ratiba. Halafu kisu kikasimama.

"Na vitabu vyenyewe ni vipi? Paka ameketi. Paka amesimama. Paka amekwenda dukani. Mtihani wa mkoa utawauliza paka amekwenda wapi?"

"Uliwahi kukifungua hata kimoja?"

"Mimi sina muda wa paka. Mimi tangu Baba afe niko humu ndani, ili wewe uende ukasome. Umekwenda, umesoma, umerudi. Umetuletea nini? Vitabu vya picha."

"Watoto hawa wanatuchukia, Dada. Wanakichukia Kiingereza kwa sababu yetu, yangu na yako na ya Baba. Yule mmoja alikuwa anacheka. Ulimsikia? Alikuwa anacheka, na wewe umekwenda kumweka kona pamoja na magazeti."

Mama akasema tule kwanza. Sakie aliweka kisu chini taratibu, akapangusa mikono kwenye taulo, kidole kimoja kimoja.

"Basi nenda kafungue chako," akasema. "Ukawafundishe huko kucheka."

Sikula. Nilibeba mafungu yangu mawili, nikayarundika kwenye gari dogo la Mama, na kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimehama. Wako wanaosema niliwaacha watoto wa mtihani katikati ya njia. Watoto wa mtihani walikuwa na Tokyo nzima ndani ya kioo. Hawakunihitaji.

Katika mtaa wa zamani wa wafanyabiashara wa vyombo kuna maduka mengi yaliyofungwa. Mjane mmoja alinipa la kwake kwa kodi ndogo, na rafu zilizokuwa za mabakuli nikazifanya za vitabu. Mabakuli machache yasiyouzika yalikuwa bado kwenye boksi huko nyuma. Nilibandika tangazo mlangoni nikangoja. Nilikuwa nimekwenda Nagoya kuwaeleza wenzangu, na yule mama mwenye mvi alinisikiliza hadi mwisho bila kunipa pole. Wakanipa walivyoweza kutoa, vitabu vya waridi vichache, vimechakaa, kimoja kimetafunwa na mbwa. Nikaagiza vipya, na vipya havikuja upesi.

Ibuki alifika mwanzoni mwa mwezi wa tisa, kwa baiskeli, mama yake hajui. Hakusalimia sana. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akapitisha kidole migongoni mwa vitabu, akarudi tena mwanzo.

"Mwalimu, cha mwizi wa viatu kiko wapi?"

"Hakipo."

"Kimeazimwa?"

Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia kilichukuliwa na lori la karatasi, kikasagwa. Alitulia akifikiri, kama anayetafsiri.

"Nilibakiza kurasa chache. Yule mzee alikuwa ndiyo anafungua mlango."

"Mimi nimekisoma. Nikusimulie?"

"Usinisimulie," akasema haraka. "Nilitaka nisome mwenyewe."

Nikampa kimoja cha kijani, chepesi kuliko vyote vya kijani. Aliketi kitako, mgongo wima, kama anavyoketi darasani. Akauliza neno. Akauliza la pili. Mstari wa tatu akaanza kufikicha macho. Nilimnyang'anya kwa upole nikampa kile kilichotafunwa na mbwa, akakimaliza mara moja, na juu yake hapakuwa na kingine cha ngazi yake. Hapakuwa na kitu cha njano hata kimoja dukani kwangu. Akakirudisha kwenye rafu, akakinyoosha kilingane na wenzake, akainama kushukuru, akapanda baiskeli. Mwezi ule ule mama yake alimlipia kibanda kwa dada yangu.

Alipoondoka nilikwenda nyuma, nikatoa bakuli moja kwenye boksi nikalipiga ukutani. Nikapiga la pili. Sikujisikia nafuu yoyote, na vigae nilivizoa mwenyewe.

Kitabu cha mwizi wa viatu hakichapishwi tena. Nilikitafuta majira yote ya baridi kwenye maduka ya vitabu vilivyotumika, nikakipata hatimaye kwa mtu wa Sendai. Nilipita dukani kwa Bi Tachikawa kumwambia nina kitu cha Ibuki. Aliniuzia maua, akaniambia mtoto ana mitihani, baadaye labda. Mwezi wa nne, mwaka wa shule ulipoanza, nilikutana na Ibuki mwenyewe stesheni, amevaa sare mpya ya sekondari ya juu ambayo haikuwa chaguo lake la kwanza. Nilikuwa natembea nacho kwenye mkoba kwa wiki kadhaa. Nikampa. Alikipokea kwa mikono miwili, akanishukuru vizuri sana, kama unavyomshukuru mtu anayegawa vitambaa vya karatasi vya matangazo barabarani, akawakimbilia wenzake. Kama alikisoma au hakukisoma, sijui mpaka leo.

Watu wengine walikuja. Dereva mmoja wa lori aliyestaafu, mke wa fundi wa tanuri, watoto wawili ambao mama yao alinisoma usoni akaona sitampa alama zozote, akaniachia hata hivyo. Na Alhamisi alikuwa anakuja Mama yangu. Mwanzoni alisema amekuja kuangalia kama paa linavuja. Kisha akataka kitabu kisicho na maneno, kwa sababu, alisema, maneno alishayamaliza nyumbani. Vipo vitabu vya namna hiyo, picha tupu, ndivyo vya kuanzia kabisa. Alivisoma huku akicheka na kuwagombeza waliomo. Akapanda kwenye vya mstari mmoja. Habari za dada yangu hakuzileta, ila kwa kupitia pembeni. Sakie amekonda, Sakie ana kikohozi, vibanda vina joto sana siku hizi.

Mwaka ulizunguka, mwezi wa nane ukarudi. Siku moja nilipita mbele ya nyumba yetu nikielekea posta, na kwenye dirisha la tuisheni nikaona bango jipya, kubwa, la rangi. Soma kwa Wingi, Soma kwa Furaha. Chini yake mtoto anachekelea kishikwambi. Maktaba ya kidijitali ya Kiingereza, kuanzia ngazi ya picha. Maswali kumi kila hadithi. Alama na orodha ya washindi wa nchi nzima. Nilisimama juani nikalisoma bango lile kuanzia juu hadi chini kama mtu anayesoma tanzia ya ndugu yake. Yalikuwa maneno yangu. Hata ile "kuanzia ngazi ya picha" niliwahi kuisema jikoni, ikajibiwa kwa paka.

Wiki iliyofuata Sakie akaja dukani kwangu. Alikuwa amevaa nguo za kwendea ugenini, na mkononi ana boksi la vitamutamu vya maharage, vile ambavyo mtu humpelekea anayetaka kumwomba radhi. Kweli alikuwa amekonda. Nilikuwa nabandika gundi kitabu cha waridi kilichoachia kurasa, na sikuinuka.

Aliongea kwanza juu ya joto. Kisha akasema kampuni inatafuta mtu wa kuongoza mambo ya usomaji katika matawi ya mkoa wetu, mtu anayeijua kazi hii. Ameshawaambia yupo.

"Ulivitupa," nikasema.

"Najua."

"Mwaka jana ilikuwa paka ameketi, paka amesimama."

"Mwaka jana nilikuwa sijui."

"Nilikuambia, Dada."

"Uliniambia kwa ukali, Naho. Kila ulichowahi kuniambia kuhusu vitabu hivi, uliniambia umekasirika. Mtu atasikia nini?"

Pengine ni kweli. Lakini ukweli huo haukuondoa hata ukurasa mmoja kwenye lile lori. Nikamuuliza maswali kumi ni ya nini. Akasema mzazi hawezi kuuziwa kitu kisicho na alama, kwamba hata yeye haipendi, kwamba ndivyo biashara ilivyo.

"Basi hamjavirudisha," nikamwambia. "Mmevitupa mara ya pili, na safari hii mnalipisha."

Aliangalia rafu, waridi, njano, kijani, akatazama sana. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea, na alikisema bila kuniangalia, kama mtu anavyosema hajawahi kupanda ndege.

"Mimi nimefundisha Kiingereza miaka yote hii. Sijawahi kusoma kitabu kimoja cha Kiingereza nikakimaliza."

Kitabu cha waridi kilikuwa mkononi mwangu, gundi inakauka. Nilichotakiwa kufanya ni kunyoosha mkono tu. Yule mama wa Nagoya asingefikiri mara mbili. Lakini nilikuwa namwona Ibuki anakiweka kile kitabu kwenye rafu, anakinyoosha, na mkono wangu ukakataa.

"Pole," nikasema. "Kazi yao siitaki. Ondoka na boksi lako."

Aliondoka. Boksi aliliacha.

Alhamisi Mama alikuja, akaliona, akafungua akala viwili bila kuuliza vimetoka wapi. Alisoma hadi alipotosheka. Wakati wa kuondoka akachomoa kwenye rafu kitabu cha picha tupu, kile alichokisoma mpaka pembe zikaisha, akakitia kwenye kikapu chini ya vitunguu majani.

"Hicho umeshakisoma, Mama."

"Ninajua nilichokisoma," akasema, akaanza kuvaa viatu.

Sikumuuliza anampelekea nani. Nilimfungulia mlango. Tangu siku hiyo kila Alhamisi kimoja kinarudi na kingine kinatoka. Vya picha vimekwisha, sasa vinatoka vya mstari mmoja. Mimi na dada yangu hatujasemezana, na bado nikipita mbele ya lile bango damu inanipanda. Juzi kitabu kimoja kilirudi na tone la mchuzi wa soya kwenye ukurasa wa mwisho kabisa. Mama hana tabia ya kula huku anasoma. Nilikipangusa kwa kitambaa chenye maji, nikakirudisha kwenye rafu, nimenuna.